Pikipiki ya babu imekwama injini: usiipige kiki kwanza

Pole ndugu, na hongera kwa kuitunza. Unasema imelala stoo miaka 15, kiki haishuki, na unataka kuanza na rangi. Rangi iache mwisho kabisa.

Kiki isiposhuka, usiilazimishe kwa mguu. Mara nyingi ringi za pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu. Fungua plagi, mimina oili nyepesi kwenye tundu lake, uache siku tatu nne. Kisha weka gia ya juu, usukume gurudumu la nyuma taratibu, mbele na nyuma. Yangu ililegea siku ya sita. Nilisikia mlio mdogo, tak, nikajua imekubali. Ikigoma kabisa, mpelekee fundi wa injini mwenye mashine ya kuchonga silinda. Usigonge pistoni kwa nyundo.

Petroli ya zamani imwage yote. Kutu ya tangi loweka kwa siki siku nzima, suuza kwa maji yenye magadi, ukaushe upesi kabla kutu haijarudi. Jeti za kabureta, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha petroli, zizibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Chuma hupanua tundu.

Piga picha kabla ya kufungua kila kitu, hasa nyaya.

Matairi badilisha hata yakionekana mazima. Tarakimu nne ubavuni, mfano 2304, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2004. Vumbi la breki usilipulize: viatu vya breki vya zamani vingi vina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa kibichi.