Nasukutua mwani, fangasi hawaondoki

SWALI: Dokta, nina miaka 63 na navaa meno ya bandia ya juu. Kaakaa limekuwa jekundu, linawaka, na siku nyingine nakuta utando mweupe. Nilipewa dawa ya fangasi, nistatini, nikatumia siku 4, nikaona nafuu nikaacha. Hali imerudi. Mwanangu alisoma kuwa mwani unaua fangasi, basi nasukutua maji ya unga wa mwani asubuhi na jioni. Niendelee?

JIBU: Mama, mwanao hakudanganywa. Mwani wa kahawia una kemikali ziitwazo florotanini. Fangasi wako, Candida albicans, ana maumbo mawili: kuna kiduara kama chembe ya hamira, na kuna nyuzi ndefu zinazopenya ngozi laini ya kinywa. Nyuzi ndizo zinazokuchoma. Maabara, florotanini zimewahi kuzuia nyuzi hizo zisikue sawasawa, na fangasi akashindwa kung'ang'ania seli. Habari hiyo hunifurahisha kweli, maana dawa za fangasi ni chache na baadhi yao wameshazizoea.

Lakini kilichopimwa si unga. Watafiti hutenga florotanini kwenye mwani, kisha huziacha na fangasi saa nyingi kwenye kisahani. Wewe unasukutua nusu dakika, mate yanaosha kilichobaki. Tena fangasi wako amejijengea utando kwenye plastiki ya meno, upande unaogusa kaakaa, na maji hayafiki huko.

Mama yangu mzazi alihangaika hivyo karibu mwaka. Tulimbadilishia dawa mara mbili kabla sijamuuliza: unalala na meno ya bandia? Alikuwa analala nayo. Hakutaka baba amwone bila meno.

Kwa hiyo usiku yatoe, yasugue kwa brashi na sabuni, yaloweke. Rudi kwa daktari wako mwanze nistatini upya. Meno yakiwa nje, ishike dawa mdomoni kwa muda mrefu uwezavyo, na usiache mpaka zipite siku 2 bila dalili yoyote. Mwombe pia akupime sukari, kwani fangasi wanaorudirudi huweza kuwa ishara yake. Mwani uweke kando, hasa kama unameza: baadhi ya aina za kahawia zina madini joto mengi mno kwa tezi ya shingoni.

Ukiona haya usiku, fanya alivyofanya mama: aliyatoa taa ikishazimwa.