Inchi Moja Juu ya Tela: Nilivyotoa Gari-Nyumba Arizona Hadi Ohio

Kila mgeni akija kwangu hapa Columbus huuliza lile dude lililoegeshwa nyuma ya nyumba nimelitoa wapi. Nimelitoa Tucson, Arizona. Ni gari-nyumba la futi 30, limejengwa juu ya chesisi ya Ford E-450, lina jiko, choo na vitanda vya watu sita. Nililifuata mbali kwa sababu ya kutu. Huku Ohio wakati wa theluji barabara humwagwa chumvi, na chumvi inakula chuma kama mchwa. Tucson hakuna hadithi hiyo. Wazee wengi kutoka majimbo ya baridi hukimbilia kule kila mwaka na magari yao, na siku wakichoka kusafiri wanayauza hukohuko yakiwa safi kwa chini.

Bei tulielewana na mzee mwenye gari kwa siku moja, kwa simu ya video. Kulisafirisha kulinichukua wiki tano. Wiki tatu kati ya hizo zilipotea kwa ujinga wangu mwenyewe, na ndizo zinazonifanya niandike.

Mwenye haraka huanzia mtandaoni: unajaza fomu moja ya kuomba bei. Nilijaza saa mbili usiku, na hadi saa mbili na robo nilikuwa nimepigiwa simu tisa. Bei ya chini ilikuwa dola 2,400 na ya juu 5,700, gari lilelile, safari ileile ya maili kama 1,850, karibu kilomita 3,000. Nikachukua ya chini, kama mtu yeyote aliyekulia Kariakoo angefanya. Nikalipa dola 300 za kishika uchumba.

Jamaa yangu mmoja wa Bukavu, ambaye anaendesha lori huku mwaka wa nane sasa, alicheka nilipomwonyesha. "Kaka, huyo hana hata tairi moja. Ni dalali."

Na kweli. Dalali anachukua kazi yako, anaibandika kwenye ubao wa mizigo wa mtandaoni, kisha anasubiri mwenye lori aione na kuikubali. Udalali si wizi. Wapo wanaojua kazi. Ila akikutajia bei ndogo mno hakuna lori litakalogusa mzigo wako, na baada ya siku kumi utapigiwa uambiwe uongeze. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa liwe: wewe ndiye mwenye lori, au unanitafutia? Kisha omba namba yake ya usajili, ya USDOT au ya MC, uiingize kwenye tovuti ya FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia usafirishaji wa malori. Ni bure. Utaona kibali chake ni cha udalali au cha kubeba mizigo, na kama bado kiko hai. Dalali halali anatakiwa awe ameweka dhamana ya dola 75,000. Asiyetaka kukupa namba, kata simu.

Jingine ambalo sikulijua ni la bima. Mwenye lori kubwa la kukodiwa analazimika kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine, isiyopungua dola 750,000, na anapokwambia "nina bima kamili" mara nyingi anasema hiyo. Ukifikiria vizuri ni kama bima ndogo ya kwetu: inamlipa atakayegongwa. Bima ya mzigo wenyewe, yaani gari lako lililo juu ya tela, sheria ya shirikisho haimlazimishi kwa mizigo ya kawaida tangu 2011. Wengi wanayo, lakini omba cheti, soma kiwango, na uone kama kinafikia thamani ya gari. Vyombo vyako vya ndani usivitegemee humo hata kidogo.

Sasa ile inchi. Dalali aliniuliza urefu wa gari kwenda juu. Nikafungua kitabu cha gari ambacho mzee alinipigia picha: futi 10 na inchi 8. Nikamtajia hivyo. Baada ya siku kumi na tatu lori likafika Tucson na tela la chini, lile ambalo kwetu unaliona limebeba makatapila. Dereva akapanda ngazi na futi kamba yake. Kiyoyozi cha juu ya paa na antena havikuwemo kwenye hesabu ya kitabu. Gari lilikuwa futi 11 na inchi 7. Kitanda cha tela lake kilikuwa futi mbili kutoka ardhini. Jumlisha: futi 13 na inchi 7. Ohio na majimbo mengi ya kati na mashariki kikomo ni futi 13 na inchi 6.

Dereva akaondoka na tela tupu. Mzee alinipigia akiwa anaona aibu utadhani kosa lake. Dola 300 hazikurudi, na nikadaiwa nyingine 400 za safari ya bure. Niligomba wiki nzima, kisha nikalipa, maana karatasi niliyosaini ilisema vipimo ni jukumu la mteja. Pima mwenyewe, au mwombe muuzaji apime mbele ya kamera, mpaka ncha ya kitu cha juu kabisa.

Njia ya pili ni ya dereva wa kuliendesha gari lenyewe. Waliowahi kuona magari ya IT, yale yanayopita kwenda nchi jirani, yakitoka bandari ya Dar kuelekea Tunduma au Rusumo wanaielewa bila maelezo. Ni nafuu kuliko tela, lakini maili zote zinaingia kwenye gari lako, na mafuta ulize ni ya nani. Langu lilikunywa lita zaidi ya 800. Nilimpata dereva kwa yule jamaa wa Bukavu, tukapatana dola 2,900, mafuta juu yangu, siku nne. Anayekuahidi siku mbili kwa dereva mmoja mkimbie; madereva wa kazi hii wamewekewa kikomo cha saa 11 za usukani, kisha saa 10 za kupumzika.

Kabla hajawasha, alimwomba mzee amsomee tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini. Zilikuwa 3414: wiki ya 34, mwaka 2014. Kashata za tairi zilikuwa nzuri, ungeapa ni mpya, kumbe jua la Arizona lilikuwa limeshazikausha. Alikataa kuondoka. Tulibadilisha zote sita. Iliniuma mfukoni, lakini tairi ikipasuka kwenye gari la aina hii inaweza kung'oa sakafu na mabomba yaliyo juu yake.

Mengine yalikwenda haraka: gesi ikafungwa kwenye mtungi, matangi ya maji yakamwagwa na mabomba yakajazwa ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, kwa kuwa ilikuwa Januari. Turubai la kivuli la ubavuni likafungwa kwa kamba. Mzee akapiga picha 60, pamoja na namba ya maili kwenye dashibodi, na wote wawili wakasaini karatasi ya mzigo.

Picha hizo zilinifaa. Gari lilipofika, kofia ya tundu moja la hewa juu ya paa haikuwepo. Upepo wa kaskazini mwa Texas uliipeleka inakojua. Niliandika kasoro hiyo kwenye karatasi kabla ya kusaini, dereva naye akasaini, akanikatia dola 90 kwenye hela yake bila maneno.

Kesho yake mzee wa Tucson alipiga. Hakuuliza kofia wala tairi. Alitaka kujua kama mlango wa friji bado unajifungua gari likikata kona kulia. Nikamwambia unajifungua.