Rimu pana kwenye 240Z: fenda ndiyo shida ndogo kuliko zote

SWALI: Fundi, salamu kutoka Nakuru. Nina Datsun 240Z ya 1972, bodi nzima, na injini yake ya L24 bado ni ile ile. Nataka kuitengeneza kwa mbio za wikendi: autokrosi za udongo huku kwetu, na siku za lami nikipata nafasi. Rimu zake ni za chuma za inchi 14, nyembamba sana. Fundi mmoja wa mtaani ameniambia atazipanua kwa kuchomelea hadi inchi 8, aweke spesa (bamba za kati ya rimu na gari, za kusogeza gurudumu nje) za milimita 30 ili gari "lisimame vizuri", kisha tukate fenda. Nimeshalipa arubuni. Wasiwasi wangu ni mmoja: je, tairi zitagusa fenda? Na nichukue tairi za saizi gani?

JIBU: Tairi ikigusa fenda utaisikia ikikwaruza, utanusa mpira ukiungua, utasimama. Stadi, yaani boliti ya kufungia gurudumu, inayochoka nyuma ya spesa haitoi ishara hadi gurudumu lako likupite kwenye kona. Kwa hiyo uniwie radhi: la fenda nitalijibu, lakini halitakuwa la kwanza. La kwanza ni kwamba ukadai arubuni yako leo.

Upana wa rimu na kutokeza kwa rimu ni mambo mawili, na hapo ndipo karibu kila anayeuliza kuhusu rimu pana hupotea. Rimu inaweza kuwa pana na katikati yake ikakaa pale pale ilipokuwa, juu ya beringi. Inaweza pia kuwa nyembamba na ikachomoza nje kama masikio. Kinachoamua ni ofseti, yaani umbali kati ya uso wa rimu unaolalia habu (sehemu inayozunguka ambayo gurudumu hufungwa) na mstari wa katikati ya upana wake. Spesa ya milimita 30 haikuongezei upana hata wa unywele. Inapunguza ofseti kwa 30, basi, na kuuning'iniza mzigo nje ya mahali ulipopangiwa kukaa.

Piga hesabu. 240Z ina uzito wa tani moja na kidogo. Ukiwa ndani, kila gurudumu linabeba takriban kilo 280. Usogeze mzigo huo milimita 30 nje, na habu imeongezewa mkunjo wa newton-mita 82 gari likiwa limesimama tu. Likitumbukia shimoni kwa kishindo cha mara tatu ya uzito huo, unakaribia 250. Ni sawa na mtu wa kilo 85 kusimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 30, kila shimo, kila lepu. Beringi hupiga kelele mapema, ila wengi huifikiria ni kelele ya tairi. Usukani nao unaanza kunyang'anywa mikononi, kwa sababu tairi sasa inagusa ardhi mbali na mhimili ambao gurudumu hugeukia, hivyo kila jiwe lina mkono mrefu wa kuvutia.

Halafu kuna spesa zenyewe. Nyingi za mitaani hukerezwa kutoka alumini ya kusubu, ile inayopatikana kwa kuyeyusha pistoni mbovu na sufuria kuukuu. Ina vipovu ndani usivyoviona. Kama huna budi kutumia spesa, iwe ya alumini ya daraja la 6061-T6, isizidi milimita 5, iketi barabara kwenye kitovu cha habu, na stadi zibadilishwe ziwekwe ndefu. Stadi za Datsun hii ni milimita 12 zenye hatua ya 1.25. Nati inapaswa kushika uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi, kwa hiyo gawanya 12 kwa 1.25: karibu mizunguko 10 kamili kutoka inaposhika hadi inapokaza. Ukihesabu sita, hilo gari lisitoke uani.

Za kuchomelea, sasa. Rimu ya chuma inaweza kupanuliwa vizuri, sikatai. Hukatwa kwenye mashine ya kukerezea, ukanda huingizwa ukiwa umeshikwa na jigi, huchomelewa kidogo kidogo kwa zamu pande zinazokabiliana, kisha hupimwa kwa geji ya saa. Ikiyumba zaidi ya milimita moja kwa upande au juu-chini, inatupwa. Huzamishwa majini ikiwa na upepo kuona kama inavuja. Hayo hayafanyiki kwa grainda na mashine ya kuchomelea chini ya mwembe. Rimu ya huko hutoka yai. Na ili weldi ipendeze, fundi huisaga hadi ilingane, ambayo maana yake ameondoa chuma alichokwisha kukiongeza. Ufa huanzia pembeni mwa weldi, mahali moto ulipodhoofisha chuma, na upepo hutoka polepole kiasi kwamba utalaumu valvu kwa mwezi mzima.

Ukitafuta rimu za mtumba badala yake, jihadhari na ujanja mwingine. 240Z ina matundu manne kwenye duara la milimita 114.3. Rimu za matundu manne zilizojaa madukani ni za Vitz na ndugu zake, duara la 100. Tofauti ni milimita 14.3, na wapo wanaothubutu kurefusha matundu kwa faili ili "ziingie". Nati haina tena koni ya kukalia, gurudumu linashikwa na msuguano pamoja na dua. Hata duara likilingana, angalia umbo la nati: rimu yenye matundu ya koni inataka nati ya koni, yenye kikalio bapa inataka nati bapa na washa yake. Ukichanganya, hazikazi hata ukizikanyagia.

Sasa dhana inayonichosha kuliko zote: kwamba tairi pana ni mshiko zaidi, popote. Eneo la mpira linalogusa ardhi hutegemea zaidi mzigo na upepo kuliko upana. Kilo 280 kwa upepo wa psi 28 ni takriban sentimita mraba 142, tairi iwe ya upana wa milimita 175 au 225. Kinachobadilika ni umbo: pana hugusa kwa mstari mpana na mfupi, nyembamba kwa mwembamba na mrefu. Kwenye lami kavu umbo pana husaidia kweli, maana mpira unajipinda kidogo kwenye kona na joto linasambaa. Kwenye vumbi la Nakuru mambo hugeuka. Lile vumbi laini la volkano limelala juu ya ardhi ngumu, na tairi nyembamba hulikata ikafika chini, wakati pana huelea juu yake kama mtumbwi.

Tazama magari ya daraja la juu yanayofika Naivasha tangu mbio za Safari Rally zirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021. Yana nguvu ya zaidi ya farasi 300, pesa haziwapigi chenga, na kwenye udongo yanavaa rimu ya inchi 15 kwa upana wa 7. Ile ya 18 kwa 8 huwekwa kwenye lami. Na wenye 240Z hawachoki kutaja ushindi wa Safari wa Edgar Herrmann 1971 na wa Shekhar Mehta 1973, kisha wanaenda kunakili gari la picha la Japani lenye rimu kama ngoma! Magari yale mawili hayakuvuka matope kwa upana wa tairi.

Basi saizi. Kwa udongo, rimu ya 15 kwa 6 na tairi ya 195/65R15, yaani upana wa milimita 195, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Kimo chake ni milimita 634, karibu sawa na 175 ya inchi 14 iliyotoka kiwandani, kwa hiyo gia na kimo cha gari havibadiliki. Ina ubavu wa milimita 127 wa kumeza mashimo. Ni saizi ya Wish, utaipata Nakuru dukani ikiwa mpya. Kwa lami, 15 kwa 7 yenye ofseti ya sifuri, na 205/60R15. Ukitaka 225/50R15 inakaa kwenye 7 hiyo hiyo, lakini kimo kinashuka hadi 606: gari linakaa chini milimita 14 zaidi, gia zinakuwa fupi kwa asilimia 5 hivi, na spidomita inakudanganya. Rimu ya 8 inataka springi nyembamba za kurekebishika na fenda za kupanuliwa. Kwa mtu anayeanza ni gharama ya kujifurahisha macho. Na kama unaota mbio za magari ya kale zinazofuata Kiambatisho K cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, upana wa rimu lazima uwe wa enzi ya gari. Fenda iliyokatwa hairudi.

Hesabu ya nafasi ni hii. Toa upana wa zamani kwenye upana mpya, zidisha kwa 25.4, gawanya kwa 2. Kutoka 4.5 hadi 7 ni milimita 32 kila upande. Kisha rekebisha kwa ofseti: tuseme umepima rimu ya zamani ukapata +15 na mpya ni sifuri, nje unaongeza 47 na ndani 17. Huko ndani ndiko kwenye kikwazo halisi, kikombe cha springi na bomba la strati (nguzo yenye shokabza inayobeba gurudumu). Lakini strati na gurudumu husafiri pamoja, hivyo milimita 6 zinatosha kwenye lami. Kwa udongo acha 10, maana jiwe likikwama pale linachonga ubavu wa tairi kama randa.

Na fenda, hatimaye. Toa springi, rudisha strati ikiwa tupu, funga gurudumu. Gari likae kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake. Pandisha gurudumu kwa jeki ndogo milimita 25 kwa wakati mmoja hadi mwisho wa safari yake, na kila hatua zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Bandika udongo wa watoto wa kuchezea penye wasiwasi. Ukibonyezwa ukabaki chini ya milimita 12, panagusa. Nyuma itakuwa ule mdomo wa ndani wa fenda, ambao hukunjwa bila kukatwa: pasha rangi joto kwanza isipasuke. Mbele itakuwa kona ya chini ya fenda karibu na bampa, gurudumu likiwa limegeuzwa. Kwa 15 kwa 7 mara nyingi kazi inaishia hapo, na msumeno haujatoka kabatini.

Kemba, yaani mwinamo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele, usiisahau. Gari hili lilitoka kiwandani magurudumu ya mbele yakiwa karibu wima, na tairi pana iliyo wima hukatia kona kwa ukingo wa nje tu. Digrii 1.5 hadi 2 za kuinamia ndani zitakupa mshiko kuliko inchi nzima ya rimu. Upepo anza na psi 28 tairi zikiwa baridi, kisha badilisha kwa psi mbili mbili.

Huyo fundi wako hayuko peke yake, na ndiyo maana nimekuwa mkali. Spesa hizi hizi ziko kwenye Subaru za vijana na kwenye Probox zinazokimbizana usiku. Kwenye uwanja wa autokrosi gurudumu likitoka linaishia kwenye mahindi. Lakini wengi huenda mbio na kurudi nyumbani kwa gari hilo hilo, na gurudumu linalochomoka kwenye mteremko wa Salgaa linatafuta mtu ambaye hakulipa kiingilio. Kampuni ya bima nayo ikikuta marekebisho ambayo hukuyatangaza, ina sababu ya kukataa kulipa.

Nipimie vitu vinne: ofseti ya rimu uliyo nayo, nafasi kutoka tairi hadi kikombe cha springi, nafasi hadi mdomo wa fenda ya nyuma, na idadi ya mizunguko ya nati. Inua pia kila gurudumu, ulishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi ndiyo ununuzi wako wa kwanza. Niandikie hizo namba kabla hujamlipa mtu yeyote kwa ajili ya rimu.