Aljebra ya kidato cha pili: kosa hujificha kwenye mstari ulioachwa

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini kijana wako wa kidato cha pili anazitaja kanuni vizuri ukimuuliza kwa mdomo, lakini kazi zake za nyumbani za aljebra zinarudi zimejaa alama za kukosa. Nimefundisha tuisheni mtaani kwa miaka mingi, na madaftari niliyoyasahihisha yanafanana: mwanafunzi anaruka mstari mmoja wa njia, na ndani ya mstari huo ndimo kosa lilimo.

Chukua swali la kawaida: 5x − 2(x − 3) = 21. Wengi huandika 5x − 2x − 6 = 21, wakapata 3x = 27 na x = 9. Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano inakwenda pamoja na ile 2, kwa hiyo −2 ndiyo inayozidisha kila kilichomo ndani: −2 mara x ni −2x, na −2 mara −3 ni +6, kwa kuwa hasi mara hasi ni chanya. Mstari sahihi ni 5x − 2x + 6 = 21, kisha 3x = 15, na x = 5. Mwambie alirudishe jibu kwenye swali lenyewe: 25 − 2(2) = 21, limekubali; ile 9 ingetoa 45 − 2(6), yaani 33. Uhakiki huo hauchukui hata dakika moja, na bado wanafunzi wanauona kama adhabu.

Hapo kwenye 3x = 15 pana mtego mwingine. Mtoto aliyekaririshwa kwamba namba ikihama upande hubadilisha alama huihamisha 3 ikawa −3, akaandika x = 12. Binafsi siipendi kauli hiyo. Afadhali aandike pembeni kile anachokifanya pande zote mbili, yaani "natoa 6 kila upande", "nagawanya kwa 3 kila upande", mpaka azoee. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) aliyoijua tangu shule ya msingi inamfaa anaporahisisha, ila anapotaka kuiacha x peke yake, kwa kawaida huifuata kinyumenyume: kujumlisha na kutoa kwanza, kugawanya na kuzidisha baadaye.

Sehemu ndizo zinazoangusha wengi zaidi. Tuseme (x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 3. KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3 ni 6, na hiyo 6 lazima izidishe kila kipande, pamoja na ile 3 iliyokaa peke yake upande wa kulia, ambayo husahaulika mno. Tunapata 3(x + 1) − 2(x − 2) = 18. Mabano hayo yasiachwe hata kidogo, maana mstari wa sehemu ulikuwa umevishika vipande vyote vya juu kwa pamoja. Ukiyafungua unapata 3x + 3 − 2x + 4 = 18, yaani x + 7 = 18, na x = 11. Hakiki: 12/2 ni 6, 9/3 ni 3, na 6 − 3 = 3.

Kwenye x² = 5x asigawanye kwa x, kwani atapoteza jibu moja. Aandike x² − 5x = 0, kisha x(x − 5) = 0, apate x = 0 au x = 5.

Mwisho ni maswali ya maneno: kalamu 3 na madaftari 2 ni shilingi 3,900; kalamu 2 na madaftari 3 ni shilingi 5,100. Kabla ya yote aandike sentensi kamili, "k ni bei ya kalamu moja, d ni bei ya daftari moja", kwa sababu anayedhani k ni kalamu yenyewe hukwama mapema. Basi 3k + 2d = 3,900 na 2k + 3d = 5,100. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa 3: 6k + 4d = 7,800 na 6k + 9d = 15,300. Ukitoa wa kwanza kutoka wa pili, 5d = 7,500, hivyo d = 1,500 na k = 300. Hapa ahakiki kwenye milinganyo yote miwili, kwa kuwa jibu lenye kosa huweza kuukubali mmoja na kuukataa mwingine.