Unafanyiwa upekuzi na una ndugu nje? Mtaje

Tangu wizara zihamie Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, vijana wa kwetu hunipigia simu na swali lile lile: "Shikamoo mjomba. Nimeambiwa nitafanyiwa upekuzi kabla ya kuaminiwa na siri za serikali, na dada amechukua uraia wa Uingereza. Nimwandike?"

Mwandike. Jina lake lote, anakoishi, kazi yake na mwaka aliobadili uraia.

Mimi nilipekuliwa kabla ya kupangiwa masijala ya siri, ofisi inayotunza majalada ya siri. Nina kaka Canada, ameshaapa kuwa raia wa huko. Hutuma hela za dawa za mama, na hupitia kwenye simu yangu. Nilijaza yote, hata hizo hela. Aliyenihoji, uraia wa kaka aliupita haraka, akang'ang'ana na hela: nani anatuma, nani anatoa, wewe unabaki na nini? Nilimpa taarifa ya miamala iliyochapwa, akaipitia mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Anachotafuta mpekuzi ni kama yupo mtu wa nje anayeweza kukubana, kwa fedha au kwa vitisho, mpaka utoe jalada lisilotakiwa kutoka. Kaka anayemtunza mama hadharani hanibani. Ningemficha, yeyote ambaye angeligundua hilo angekuwa amenishika pabaya.

Wamarekani wameliweka kwenye maandishi. Mwongozo wao ulioanza kutumika Juni 2017, wa kuamua nani aaminiwe na siri za serikali, una vigezo 13. Kimoja ni ushawishi wa nje, kingine ni kuegemea nchi nyingine. Kule uraia pacha peke yake haumwangushi mtu, wanapima mazingira yake yote. Tafadhali usilibebe hilo ukalileta Dodoma. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Pasipoti ya pili iliyoko kabatini inagusa Utanzania wako wenyewe, kabla hata hujaulizwa habari za siri.

Wazazi mliosoma nje, hili linanikera kwa sababu wanaoumia ni watoto. Mtoto aliyezaliwa Marekani mkiwa masomoni ni raia wa kule kwa kuzaliwa, na wa kwetu kwa kurithi. Akifikisha miaka 18 anatakiwa aukane uraia ule. Asipoukana, anapoteza huu wetu. Wengi hukumbuka siku kijana anapoomba kazi serikalini. Makao makuu ya Uhamiaji yako hapa hapa Dodoma. Nendeni naye kabla hajafikisha umri huo, mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa, mkaulize utaratibu.

Jambo jingine, waandae wazee. Kwangu wapekuzi walifika hadi Kondoa kumuuliza baba mdogo, na mzee akiona wageni wenye mafaili anaweza kudhani anakulinda kwa kusema huna ndugu nje. Mpigie mapema, mwambie amtaje kaka yako kama ulivyomwandika kwenye fomu.