Bwawa la uani: acha samaki, upate kereng'ende

Anayetaka bwawa la kuangalia viumbe nyuma ya nyumba aamue kwanza kwamba halitakuwa la samaki. Perege wakiingia, wanakula mayai ya vyura, wanakula tunutu wa kereng'ende (watoto wake wanaokulia majini) na machipukizi ya mimea, kisha kinyesi chao kinalisha mwani hadi huoni kitu majini. Unabaki na perege. Kama unavitaka vyote viwili, chimba mashimo mawili.

Kwa uwanja wa kawaida wa Moshi au Arusha, mita 3 kwa 2 zinatosha. Chimba Januari au Februari, masika ya Machi yakute shimo tayari. Katikati kina kiwe sentimita 60; pembeni acha ngazi ya upana wa sentimita 30 na kina cha 20, maana viumbe wengi wanakaa hapo. Upande mmoja uteremke taratibu, ndege waoge na vyura wadogo wapate pa kutokea. Kuta wima pande zote zinaua. Kama udongo wako unanyonya maji, tandika nailoni nzito ya bwawa, unene wa nusu milimita au zaidi. Vipimo vyake: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kukunjia kingo, upana vilevile. Hapa unapata mita 4.8 kwa 3.8. Chini yake mwaga mchanga wa sentimita 5, la sivyo jiwe moja lenye ncha litaharibu kazi yote. Penye watoto wadogo, zungushia uzio kabla ya kujaza maji.

Maji ya mvua kutoka kwenye bati ndiyo bora. Ya bomba yaache siku mbili klorini ipungue. Arusha kuna la ziada: visima vingi vina floridi na chumvi kutoka kwenye miamba ya volkano, na jua likikausha maji, chumvi inabaki. Ukijazia kwa kisima kiangazi chote, chumvi inazidi kujikusanya, kwa hiyo weka akiba ya mvua kwenye tangi.

Kwa mimea, yungiyungi wa asili wa maua ya buluu anatosha katikati, na mafunjo machache pembeni. Mafunjo yapande ndani ya ndoo yenye matundu, kwani yakiachiwa hujaza bwawa lote. Tumia udongo wa chini usio na mbolea na ufunike kwa kokoto sentimita 3. Samadi hapa ni karamu ya mwani. Kingoni panda mishubiri, maua yake huwaita ndege aina ya chozi. Gugumaji usilikubali hata kwa zawadi, pamoja na uzuri wa maua yake. Mimea iliyotoka kwenye mfereji ioshe na ukague chini ya majani, kwa sababu konokono wa kichocho husafiri na mayai yao ya utelezi. Wiki za kwanza maji yatakuwa ya kijani. Usiyabadilishe: majani yakifunika karibu nusu ya uso wa maji, mwani hukosa mwanga.

Jirani atauliza habari za mbu kabla hujamaliza kuchimba, na ana haki. Kwenye joto, yai huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14, wakati bwawa jipya bado halina wa kuwala. Kila wiki chota kwa bakuli jeupe mara kumi kwenye kingo. Viluwiluwi wanaoning'inia kichwa chini ni wa mbu wa kawaida. Wanaolala sambamba na uso wa maji ni wa Anopheles, wa malaria. Wakiendelea kuonekana, tumia viuadudu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha: vinaua viluwiluwi wa mbu, lakini vyura na kereng'ende wanabaki. Kagua pia matairi na makopo ya uani, huko hakuna tunutu wa kuwatafuna.

Saa nzuri ya kuangalia ni saa 12 hadi saa 2 asubuhi. Simika vijiti vinavyotokeza sentimita 40 juu ya maji. Tunutu hupanda hapo, mgongo unapasuka, kereng'ende anatoka laini na rangi hafifu, anasubiri mbawa zikauke. Ganda tupu linabaki limeng'ang'ania kijiti. Hesabu maganda hayo, ni ushahidi kwamba amezaliwa hapo, hakupita tu. Usiku tumia tochi iliyofunikwa kwa nailoni nyekundu. Mayai yaliyopangana kama shanga kwenye uzi mrefu ni ya chura wa ngozi yenye vinundu, na yale ya fungu ni ya vyura wengine. Vyura huvuta nyoka, kwa hiyo mita 2 kati ya bwawa na nyumba nyasi ziwe fupi, na mkono usiingie kati ya mawe usipopaona.

Oktoba mijakaranda ya Arusha ikimwaga maua, funika bwawa kwa wavu wa kawaida. Chandarua chenye dawa kisikaribie maji, hata kikiwa chakavu: dawa yake inaua wadudu wote wa majini.

Kusafisha ni mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Punguza theluthi moja ya mimea, usikaushe maji, na ulichong'oa kilaze kingoni usiku mmoja ili waliojificha humo warudi majini.