Uliza Babu: Jezi ya kangaruu iliyozua ubishi Karume

Barua za Simba na Yanga wiki hii nimezifunga kwa mpira wa manati nikaziweka kando. Zitasubiri, ugomvi wenyewe hauishi leo. Kuna bahasha moja kutoka Kariakoo imenifanya nipande kiti nishushe daftari langu la zamani juu ya kabati.

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi ni fundi simu mtaa wa Aggrey. Juzi soko la Karume walifungua belo la mitumba, nikaokota jezi ya kijani na nyeupe, haina hata doa, kwa shilingi elfu tano. Kifuani ina kangaruu, na imeandikwa Bohemians Praha 1905. Mimi ni Simba damu, kwa hiyo tangu niivae kijani, rangi ya Yanga, naitwa utopolo, jina lao la kejeli. Hilo nimelizoea. Kinachoniuma ni kijiweni: wanabisha kwamba hiyo ni timu ya Australia, eti kangaruu hapatikani kwingine. Mimi nasema Praha iko Ulaya. Tumewekeana kahawa na kashata za watu sita. Nani analipa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Walipe wao, tena kahawa iwe na tangawizi. Ila usiwacheke sana, maana Australia imo ndani ya kisa hiki mpaka shingoni.

Praha ni mji mkuu wa Ucheki, na timu yako ni ya mtaa mmoja wa mji huo unaoitwa Vršovice. Ilipozaliwa mwaka 1905 iliitwa AFK Vršovice. Hebu litamke. Mimi nimelijaribu mbele ya kioo, meno ya bandia yakataka kutoka. Basi mwaka 1927 timu ikaalikwa kwenda kucheza Australia, na kule wakaona hivihivi tunavyoona sisi: nani ataweza kulisoma jina hilo kwenye tangazo la mechi? Ikabidi wajiite Bohemians, yaani watu wa Bohemia, ambalo ni jina la kale la upande wa magharibi wa nchi yao. Hilo likatamkika.

Wakasafiri kwa meli, wakacheza, na kabla ya kurudi wakapewa zawadi. Wengine hupewa ngao au kikombe. Wao walipewa kangaruu wawili, wazima, wenye mkia na miguu yao. Mimi nimekuwa karani bandarini miaka ishirini na sita, na nakwambia mbuzi mmoja tu akikata kamba gatini, kazi inasimama asubuhi nzima: wapagazi wanamkimbiza, mabaharia wanacheka, na karani anaulizwa idadi ya mzigo. Sasa fikiria wewe ndiye kiongozi wa msafara, una masanduku ya jezi chafu, halafu unakabidhiwa wanyama wawili wanaoruka, na Ulaya ni mwendo wa wiki kadhaa baharini.

Walifika. Wanyama wakaishia kwenye bustani ya wanyama, timu ikabaki na jina na picha. Mpaka leo wanaitwa Klokani, yaani Kangaruu.

Ona mambo yalivyo kinyume. Simba yako ilikuwa Sunderland mpaka 1971, ndipo ikatupa jina la ugenini na kuchukua la mnyama wa mbuga zetu. Wale walitupa jina la mtaani kwao wakachukua la kuwarahisishia wageni, na juu yake mnyama ambaye hakuna Mcheki aliyewahi kumwona porini kwao. Na bado wanampenda kuliko kawaida.

Wakomunisti waliposhika nchi walilichezea jina hilo kama karata. Miaka ya hamsini klabu iliitwa Spartak Praha Stalingrad. Baadaye ikawa ČKD Praha, kwa jina la kiwanda cha mashine. Mwaka 1965 Bohemians ikarudi. Ubingwa wa nchi wameuchukua mara moja tu, msimu wa 1982/83 enzi za Chekoslovakia, na msimu huohuo wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA. Walitolewa na Anderlecht ya Ubelgiji, ambayo ndiyo iliyobeba kombe lenyewe, kwa hiyo si aibu.

Jambo la mwisho, na hili likae kati yetu. Uwanja wao mdogo huko Vršovice unaitwa Ďolíček. Maana yake ni kibonde, kile kishimo kama cha shavuni mtu akicheka. Timu ya kijani, nyumbani kwake bondeni, kama Yanga na Jangwani yao. Ukiyaeleza hayo pale Msimbazi, kwa Simba wenzako, ukiwa umevaa hiyo jezi, mimi simo.

SWALI: Babu, shikamoo. Mimi ni mmojawapo wa hao wabishi wa kijiwe cha mtaa wa Aggrey, na nimeitia barua yangu kwenye bahasha hiyohiyo ili usisikie upande mmoja. Mimi mwanachama wa Yanga, kadi ninayo. Nimepekua kwenye simu nikakuta kuna wakati Praha ilikuwa na Bohemians mbili, zote zina kangaruu. Kwa hiyo hata kama si ya Australia, jezi ya huyu bwana ni feki. Kahawa tugawane.

JIBU: Marahaba. Kweli zilikuwa mbili, hujakosea. Lakini feki si hiyo yake, na kahawa unalipa.

Mwaka 2005 klabu ilizama kwenye madeni ikatupwa nje ya daraja la pili. Watu wa Vršovice hawakukaa matanga. Walianzisha ushirika. Natumia neno hili kwa makusudi, kwani ndilo walilotumia wao kwa Kicheki: ushirika wa mashabiki, watu wanachanga, wanaandikishwa. Sisi tukisikia ushirika tunawaza pamba na kahawa, na wazee wengine tunawaza fedha zilizopotea. Wao waliokoa timu. Ikaanza upya daraja la tatu kwa jina la Bohemians 1905, na mwaka 2007 ikawa imesharudi ligi kuu.

Ugomvi ukazuka kwenye jina. Chama cha michezo cha zamani, kile kilichokuwa mwavuli wa klabu enzi hizo, kilijiona ndicho mwenye jina na nembo, kikazikodisha kwa timu nyingine ya Praha, ya mtaa wa Střížkov. Nasema kukodisha, kama unavyokodisha turubai la harusi. Ghafla mji mmoja ukawa na kangaruu wa pande mbili. Wewe mwenye kadi ya Yanga sina haja ya kukufundisha mambo haya: kulikuwa na Yanga Asili na Yanga Kampuni, na kabla ya hapo Pan African ilizaliwa ndani ya ugomvi wa nyumba hiyohiyo. Mwaka 2010 zote mbili zilikuwa ligi kuu. Siku ya kukutana ilipofika, ile ya Střížkov haikuingia uwanjani. Ikaadhibiwa, ikashuka.

Jezi ya jirani yako ina tarakimu 1905. Hiyo ndiyo ya ushirika, ndiyo ya Ďolíček. Mwaka 2023 walimaliza ligi nafasi ya nne wakapata tiketi ya kujaribu Ulaya, wakakutana na Bodø/Glimt ya Norwei, wakatolewa mapema. Si kitu. Watu waliowahi kuiokoa timu kwa fedha za mifukoni mwao hawalii kwa hilo.

SWALI: Kwako Babu wa gazeti. Mwanangu ana miaka kumi na saba, anacheza ndondo, mpira wa mitaani, huku Temeke. Jumapili iliyopita wamefika mikwaju ya penalti, yeye ndiye wa mwisho. Badala ya kupiga kama watu, akaubetua mpira taratibu katikati, kipa akaudaka akiwa amesimama. Wametolewa. Mwanangu hali, halali, na mtaani wanamwita Panenka. Nimeuliza Panenka ni nini, naambiwa ni jina la mtu. Ni nani huyo aliyeniharibia mtoto? Mama wa Temeke.

JIBU: Mama, pole sana. Barua yako imekuja siku moja na hizo za juu, nami nikasema Mungu hana haraka lakini hasahau. Huyo mtu ni wa timu hiyohiyo ya kangaruu.

Anaitwa Antonín Panenka, kiungo, alichezea Bohemians tangu 1967 mpaka 1981. Kila baada ya mazoezi alibaki uwanjani na kipa wao, Zdeněk Hruška, wakipigiana penalti kwa dau la chokoleti au bia. Hruška alikuwa kipa hodari, na Panenka akawa analipa kila mara. Akiwa kitandani usiku akawa anawaza namna ya kuziba tobo hilo la mfukoni. Ndipo akaona jambo: kipa anangoja mpaka sekunde ya mwisho, kisha anachagua upande anaruka. Katikati habaki mtu. Ukiupiga kwa nguvu katikati, utamgonga miguu wakati bado anaondoka. Ukiubetua polepole, unamkuta ameshalala chini, na aliyelala hawezi kuinuka mara moja. Akaanza kumfanyia Hruška hivyo, chokoleti zikaanza kurudi.

Akaijaribu kwenye mechi za kirafiki, akaijaribu kwenye ligi. Kisha ikaja tarehe 20 Juni 1976, Belgrade, fainali ya Mataifa ya Ulaya, Chekoslovakia na Ujerumani Magharibi waliokuwa mabingwa wa dunia. Mechi iliisha 2–2. Wajerumani walisawazisha dakika za mwisho kabisa. Ikaja mikwaju, kwa mara ya kwanza katika fainali ya mashindano hayo. Wacheki na Waslovakia wanne walifunga. Uli Hoeneß wa Ujerumani akaupaisha juu ya mwamba. Wa tano ni Panenka, akifunga wamekuwa mabingwa.

Sisi Bara hatukuwa na televisheni wakati huo, nilikuja kuliona tukio hilo miaka ya themanini kwa jirani mmoja Ilala aliyekuwa na mkanda wa video. Tulirudisha mkanda mpaka mwenye deki akaanza kununa. Anaanzia mbali, anakimbia kama mtu anayetaka kuchana nyavu. Sepp Maier, kipa mkubwa kabisa, anaondoka kwenda kushoto kwake. Na yule bwana mwenye masharubu mguu wake unaingia chini ya mpira kama kijiko chini ya uji. Mpira unaelea. Maier yuko chini, anautazama. Matokeo ni 5–3.

Kwa taarifa yako, Bohemians walipochukua ule ubingwa wao mmoja mwaka 1983, Panenka hakuwapo. Alikuwa ameshahamia Rapid ya Vienna. Baadaye alirudi akawa rais wa klabu.

Sasa tuje kwa kijana. Mwambie hayuko peke yake. Baada ya kuona ule mkanda nilijitia ujuzi kwenye mechi ya idara pale bandarini. Golini kwa wenzetu alisimama mpishi wa kantini, mtu wa kilo nyingi. Nikakimbia, nikabetua vizuri mno, hata leo nausifu ule mguso. Mpishi hakuruka upande wowote. Hajawahi kuruka tangu azaliwe. Mpira ukamshukia tumboni, akaukumbatia kama mtoto mchanga. Mpaka nastaafu nilikuwa nikipita kantini naulizwa kama nataka uji nibetuliwe.

Kosa langu halikuwa mguu. Mbinu ile ilitengenezwa kwa ajili ya kipa anayeruka, na Panenka alimsoma Hruška miezi mingi kabla ya kumfikia Maier. Kwa hiyo usimgombeze kijana. Msubiri ale, halafu muulize swali moja tu: penalti nne za kwanza, yule kipa alikuwa anaruka, au alikuwa anasimama tu?

SWALI: Babu, na mimi nina skafu imeandikwa Bohemian, ina rangi nyekundu na nyeusi, nimepewa na mzungu mmoja hotelini. Ni hao hao wa kangaruu? Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Hapana. Hiyo ni ya Dublin, Ayalandi, klabu ya mwaka 1890, haina kangaruu wala undugu na hao wa Praha. Na skafu, Kigamboni, kwa joto hili? Itumie kufungia mzigo kwenye bodaboda.